Kaunta Buku kama Daftari la Mazoezi: Tathmini Baada ya Miezi Saba

Kwa miezi saba nimeandika mazoezi yangu ya mbio katika kaunta buku ya kwaya mbili (kwaya ni kipimo cha wingi wa kurasa), ileile yenye jalada gumu ambayo wenye maduka huandikia madeni, na miongoni mwa vifaa vyote nilivyonunua tangu nianze kukimbia, viatu vikiwemo, sijaona kilichonisaidia kuliko hicho. Niliinunua hapa Moshi katika duka la vifaa vya shule, nilipoanza kujiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro.

Ubora wake wa kwanza ni upana wa kurasa. Kila ukurasa naugawa kwa rula: kushoto naandika yaliyo ndani ya uwezo wangu, yaani saa ya kulala na ya kuamka, umbali, kasi, chakula na maji, kulia naandika yaliyo nje ya uwezo wangu, kama vile mvua, vumbi la magari, au kasi ya wenzangu. Mwezi wa kwanza safu ya kulia ndiyo iliyokuwa ikijaa upesi. Kuna Jumanne moja niliyoshindwa kumaliza kilomita 12 za kupanda kuelekea Mweka, nikaandika kulia, kwa herufi kubwa, neno "mvua". Jioni nilipofunua kurasa za nyuma nikakuta kwamba kwa siku nne mfululizo nilikuwa nimelala baada ya saa 5 usiku na kuamka saa 10:40 alfajiri, basi nikaelewa kwamba mvua ilinikuta nikiwa nimekwisha kuchoka.

Eliud Kipchoge, ambaye kwa miaka mingi ameandika mazoezi yake madaftarini kwa mkono, alionyesha waziwazi maana ya kushughulikia yaliyo ndani ya uwezo wako katika marathoni ya Berlin ya mwaka 2015. Soli za ndani za viatu vyake zilichomoka mbio zikiendelea, zikawa zinapepea nje kila alipoinua mguu, na kusimama ili kuzirekebisha kungemgharimu muda. Aliviacha viatu vilivyo miguuni, bila kuvivua wala kuvirekebisha, akashika kasi yake, akashinda kwa saa 2 na dakika 4 kamili, muda wake bora hadi siku hiyo, huku miguu ikiwa imechubuka vibaya. Kila ninapousimulia mkasa huo nasisimka.

Nilipokuwa natumia programu ya simu, jambo la kwanza nililolitazama baada ya mazoezi lilikuwa nani amenizidi, na mara mbili nilijiumiza msuli wa paja kwa kufukuza muda wa mtu ambaye hata simfahamu. Kaunta buku haina habari za mtu mwingine. Inanirudishia yaleyale niliyoyafanya mimi, na kwa mkimbiaji wa kawaida naamini hayo ndiyo anayopaswa kuyatazama kila jioni.

Kasoro zipo. Mshono ulilegea mwezi wa tano, kurasa za katikati zikachomoka, nikalazimika kuzibana kwa gundi. Wino wa kalamu ya kawaida husambaa jasho likidondoka, kwa hiyo ni afadhali kuoga kwanza ndipo uandike, au utumie penseli. Jumla ya kilomita za wiki ni lazima uitafute mwenyewe, na anayehitaji kufuatilia mapigo ya moyo kwa ushauri wa daktari hatatosheka na daftari peke yake.

Siku ya mbio, safu ya kulia ilipata neno moja tu, "jua". Kushoto niliandika mistari kumi na mmoja, ukiwemo ule wa kilomita ya 8 niliyoipanda polepole kama nilivyopanga, ingawa watu wengi walikuwa wakinipita. Kaunta buku ya pili nimeichagua yenye utepe wa kitambaa mgongoni, na kurasa zake nimekwisha kuzipigia mistari hadi mwisho wa Juni.