Kache ya nywila ya Dovecot: MySQL yangu sasa inapumua

Nasimamia seva ya baruapepe ya chuo: Dovecot (programu inayowapa watumiaji barua zao), orodha ya watumiaji iko kwenye hifadhidata ya MySQL, na wengi wao husoma barua kupitia Roundcube, programu ya PHP ya kusomea barua kwenye kivinjari. Anayeijua Roundcube anajua kero yake. PHP haishikilii muunganisho, kwa hiyo mtu akibofya barua moja tu, anaingizwa upya kwenye IMAP (njia ambayo Roundcube huchukulia barua kutoka Dovecot), jina na nywila vinakaguliwa tena, kisha anatolewa. Idara nzima ikifungua barua asubuhi, MySQL inahema.

Dawa imo ndani ya Dovecot yenyewe, nayo ni kache, yaani kumbukumbu ya muda ya majibu ya ukaguzi wa nywila, ila kwenye matoleo ya 2.3 huja imezimwa. Niliweka auth_cache_size = 10M (ukubwa wa kache), nikawasha upya, basi. Ukitaka ushahidi, tuma ishara ya USR2 kwa prosesi ya dovecot/auth, ile inayokagua nywila, kisha soma logi: itakuonyesha maombi mangapi yamejibiwa na kache na mangapi yamefika kwenye hifadhidata. Kwangu hifadhidata sasa huulizwa kwa nadra.

Penye utamu pana mwiba, nao ni auth_cache_ttl, muda ambao jibu hukaa kwenye kache, ambao kwa kawaida ni saa 1. Ukimfungia akaunti mfanyakazi aliyeachishwa kazi, nywila yake bado inaweza kukubaliwa hadi muda huo uishe. Kwa hiyo skripti yetu ya kufunga akaunti inamalizia na amri ya doveadm auth cache flush pamoja na jina la mhusika, ili afutwe kwenye kache. Msiiache hii! Tena kuna auth_cache_negative_ttl, muda wa kukumbuka majibu ya kukataliwa, nayo saa 1: mwanafunzi akijaribu kuingia kabla hujamsajili, kache inakumbuka kwamba hayupo, na hata ukishamsajili anaendelea kukataliwa. Mimi nimeishusha hadi dakika 1.

Msitarajie CPU ipoe kwa kiasi hichohicho. Kache inapunguza safari za kwenda MySQL, lakini heshi (nywila iliyofichwa kwa hesabu) kama SHA512-CRYPT bado ina hesabu zake kila nywila inapokaguliwa, na kwa kawaida prosesi kuu ya auth ndiyo inayozibeba. Kama mna kori nyingi, wekeni auth_cache_verify_password_with_worker = yes ili kazi igawanywe kwa prosesi nyingine za auth.

Imapproxy pia niliijaribu. Inabaki na muunganisho wazi kati ya Roundcube na IMAP, na inafanya kazi vizuri, ila ni huduma nyingine ya kuichunga usiku, nami nimeiondoa. Kache naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa sababu ya hiyo saa 1 ya waliokataliwa.