Uzoefu wangu na PostCSS: kubadilisha rangi bila kugusa kingine

Kama una faili la CSS (lugha inayopanga rangi na mwonekano wa kurasa za wavuti) lililopita mikononi mwa watu wengi, na unatakiwa kubadilisha kitu kimoja tu ndani yake, PostCSS ndiyo maktaba ninayoitumia na sijaona sababu ya kuiacha. Kama unatafuta chombo cha kukuambia CSS yako ni sahihi au ina makosa, tafuta kwingine. Watu wanachanganya kazi hizo mbili, na malalamiko mengi ninayoyasikia kwa vijana wenzangu wa hapa Lubumbashi yanatokea hapo.

Kazi niliyoipimia ni tovuti ya hoteli moja ya mjini. Nembo yao ilikuwa nyekundu, sasa wamechukua rangi ya shaba. Katanga hii, nani atakataa shaba? Mzee mwenye hoteli aliniambia kwa ufupi: «Mwana yangu, we tia tu rangi ya shaba. Vingine vyote uache vile viko.» Ukiisikia haraka unadhani ni kazi ya jioni moja. Halafu unafungua folda: kuna Bootstrap 2 (mkusanyiko wa CSS iliyokwisha kuandikwa) ya tangu 2012, juu yake faili la mtu aliyependa nafasi nne mwanzoni mwa kila mstari, juu yake faili la mwingine aliyependa tabu, na chini kabisa mistari iliyoongezwa na mtu ambaye bila shaka alikuwa anakimbizana na betri kabla umeme haujarudi.

Wekundu wenyewe ulikuwa mmoja, ila umeandikwa kila namna: `#c00`, `#CC0000`, `rgb(204, 0, 0)`. Zote tatu ni rangi ileile. Ukitumia tafuta-na-badilisha ya kawaida ya kihariri, `#c00` inakamata pia mwanzo wa `#c00d1a`, ambayo ni rangi nyingine. Na ukitaka kwanza orodha ya rangi zote zilizomo, ukaagiza «nipe kila alama ya reli (`#`) inayofuatwa na tarakimu au herufi a mpaka f», tovuti ya Kifaransa inakuletea vichekesho. Ukurasa wa hoteli ulikuwa na sehemu ya mgahawa yenye kitambulisho `#cafe`, na sehemu ya picha za nje yenye `#facade`. Herufi za maneno hayo yote ziko kati ya a na f. Kwa macho ya tafuta-na-badilisha, `#facade` ni rangi halali ya herufi sita. Hata `#dada` ingepita!

Hapo ndipo PostCSS inapopata mshahara wake. Haisomi faili kama maandishi marefu, inalichanganua kuwa mti. Juu kuna shina, ambalo ni faili zima, chini yake nodi za aina nne: kanuni za kawaida, kanuni za alama ya `@` kama `@media`, matamko, na maelezo yaliyofungwa kwa `/* */`. Tamko lina sifa yake, `prop`, na thamani yake, `value`. Selekta, yaani jina la sehemu ya ukurasa inayopambwa, iko kwenye kanuni, haiko kwenye tamko. Kwa hiyo ukipita matamko peke yake, `#facade` ya selekta hata hukutani nayo.

Lakini usisherehekee mapema. PostCSS ikishakupa thamani, inakupa kama mfuatano wa herufi tu. Kwake `1px solid #c00` ni maandishi, haijui kwamba ndani mna upana, mtindo na rangi. Selekta nayo ni hivyohivyo. Ukitaka kuingia ndani ya thamani, unaongeza `postcss-value-parser`. Ukitaka kuingia ndani ya selekta, kuna `postcss-selector-parser`. Mgeni akishaona ameweka maktaba tatu kwa kazi ya rangi moja, ananuna. Mimi nauona ni mpango mzuri, kwa sababu kiini kinabaki chepesi, ila kurasa za maelezo zingelisema hilo mapema zaidi.

Sehemu kubwa ya plagini niliyoitumia, yaani msimbo mdogo unaochomekwa kwenye PostCSS, ni hii:

```
const changanua = require('postcss-value-parser')
const nyekundu = new Set(['#c00', '#cc0000'])

const plagini = () => ({
  postcssPlugin: 'rangi-ya-shaba',
  Declaration (tamko) {
    if (tamko.prop === '--rangi-kuu') return
    const thamani = changanua(tamko.value)
    let imeguswa = false
    thamani.walk(n => {
      if (n.type === 'function' && n.value.toLowerCase() === 'url') return false
      if (n.type === 'word' && nyekundu.has(n.value.toLowerCase())) {
        n.value = 'var(--rangi-kuu)'
        imeguswa = true
      }
    })
    if (imeguswa) tamko.value = thamani.toString()
  }
})
plagini.postcss = true
module.exports = plagini
```

Kila wekundu unageuzwa kuwa `var(--rangi-kuu)`, yaani kigezo ambacho rangi yake inaandikwa mara moja tu, kwenye kanuni ya `:root`. Ule mstari wa `--rangi-kuu` usiufute. Siku utakapoandika kwenye `:root` kwamba rangi kuu ni `#c00` kwa majaribio, plagini isiyo na mstari huo itageuza tamko lenyewe liwe `--rangi-kuu: var(--rangi-kuu)`, kitu kinachojitegemea chenyewe, na kivinjari kitakitupa. Mstari wa `url` nao una kazi: jina la picha lenye alama ya reli lisije likaguswa. Rangi iliyofichwa ndani ya `linear-gradient` inapatikana bila shida, maana `walk` inaingia mpaka ndani ya mabano. Ile ya `rgb(204, 0, 0)` ni kazi ya pembeni kidogo: nodi yake ni ya aina ya `function`, kwa hiyo unaigeuza kuwa maandishi, unaondoa nafasi, ndipo unalinganisha.

Sasa niseme kilichonifanya niandike haya. Baada ya kuendesha plagini nilifungua Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya faili, kuangalia tofauti, na iliyoonekana ni mistari yenye wekundu, basi. Nafasi nne za yule zilibaki nne, tabu za mwingine zilibaki tabu, nusu-koloni iliyosahauliwa mwishoni mwa kanuni ilibaki imesahauliwa. Kila nodi ina mfuko wake unaoitwa `raws`, ambamo PostCSS inaweka vitu ambavyo kivinjari havimhusu: nafasi zilizotangulia, kilichoko kati ya sifa na thamani, kama kulikuwa na nusu-koloni ya mwisho au la. Wakati wa kuandika faili upya, inavirudisha palepale. Ni fundi cherehani anayebadilisha kifungo bila kufumua shati.

Hata hila za zamani za Internet Explorer zinapona. Bootstrap 2 imejaa `*zoom: 1`, nyota mbele ya sifa, kitu ambacho kwa sheria za CSS si halali. Nilitegemea kelele hapo. Haikutoa. PostCSS inaisukuma ile nyota kwenye `raws.before`, inasoma sifa kuwa `zoom`, na wakati wa kuandika nyota inarudi. Kwa kazi ya «uache vile viko», hilo peke yake linanitosha.

Kuna mahali mfuko huo unatoboka, na inafaa ujue. Mtu akiwa ameandika maelezo katikati ya thamani, kama `border: 1px /* usiguse */ solid #c00`, PostCSS inakupa thamani iliyosafishwa na kuhifadhi ile asili pembeni. Ukibadilisha thamani, ile asili haitumiki tena, na maelezo yanapotea kimya kimya. Ni nadra, lakini katika faili za urithi mambo nadra ndiyo yanayojaa.

Jambo la pili la kuangalia ni mizunguko. Tangu toleo la 8, lililotoka mwaka 2020, nodi ukiibadilisha inatembelewa tena, ili plagini nyingine nazo zione mabadiliko. Kwa kazi yangu hakuna tatizo: `#c00` ikishakuwa `var(--rangi-kuu)`, ziara ya pili haikuti kitu. Lakini plagini inayosema «kila saizi ya herufi izidishe kwa moja na nusu» itazidisha, itaitwa tena, itazidisha, na feni ya kompyuta ndiyo itakayokuambia. Dawa yake ni kuweka alama kwenye nodi iliyokwisha kushughulikiwa, au kufanya kazi nzima mara moja ndani ya `Once` ukitumia `walkDecls`.

Kwenye makosa, ujumbe wake ni mzuri kuliko nilivyozoea. Bano likikosekana inakuambia kuna bloku haijafungwa, mstari gani, safu gani, na inakuonyesha kipande chenyewe. Ila iwe wazi kwamba inataja bloku iliyobaki wazi mwishoni, na hiyo si lazima iwe yenye kosa. Ukisahau kufunga `.kitufe` ndani ya `@media`, bano la `@media` litakwenda kumfungia `.kitufe`, na lawama itamwangukia `@media`. Anza kutafuta hapo ukiteremka ndani. Ipo pia `postcss-safe-parser` inayojifungia mabano yenyewe, lakini kwa faili la mteja siitumii. Afadhali nione kosa.

Na kama nilivyosema mwanzoni, usahihi si kazi yake. Andika `colour: red`, itapita bila neno. Hapo unamwita Stylelint, mkaguzi wa makosa ya CSS, ambayo nayo imejengwa juu ya PostCSS.

Haikuniambia pia kwamba shaba ile haisomeki. Mzee alichagua `#b87333`, shaba ya kawaida kabisa. Maandishi meupe juu ya `#c00` yana uwiano wa utofauti wa karibu 5.9 kwa 1. Juu ya shaba hiyo unashuka mpaka kama 3.8, na miongozo ya WCAG, ile ya kurasa zinazosomeka na kila mtu, inataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Vitufe vyote vya «Réserver» (weka nafasi) vilikuwa vyeupe juu ya nyekundu. Niliandika plagini ya pili isiyobadilisha chochote: inapita kanuni zote, ikikuta mandhari ya `--rangi-kuu` pamoja na maandishi meupe inaita `tamko.warn`, na PostCSS inatoa orodha yenye namba za mistari. Nikampelekea mzee simu aone vitufe kwenye jua la nje, vya shaba hiyo na vya nyingine yenye giza zaidi, `#9c5f26`, inayovuka 5. Akachagua ya pili mwenyewe, bila mimi kutamka neno WCAG.

Bei: hakuna, leseni ni ya MIT. Uzito: PostCSS yenyewe inategemea vifurushi vitatu vidogo tu, kwa hiyo hailambi mega kama vyombo vingine vinavyoburuta nusu ya npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Ikishashuka mara moja, kazi yote inafanyika bila intaneti, na kwa sisi tunaopanga siku kufuatana na umeme na mtandao, hilo nalihesabu kama sifa. Aliyeianzisha ni Andrey Sitnik wa Evil Martians mwaka 2013, kwa ajili ya Autoprefixer (chombo kinachoongeza viambishi vya vivinjari kwenye CSS), kwa hiyo si kitu cha jana.

Usumbufu mdogo: usipoweka `from`, yaani faili lilikotoka, inakukumbusha kwamba ramani ya chanzo inaweza kukosea, na usipoweka plagini inakuambia haifanyi chochote. Plagini za zamani na toleo jipya hazipatani kila mara. Ukiona ujumbe kwamba plagini fulani inahitaji PostCSS 8, angalia toleo uliloweka kabla ya kulaumu msimbo wako.

Nilizijaribu nyingine mbili. Lightning CSS, iliyoandikwa kwa Rust, ina kasi ya kutisha, lakini inaandika CSS upya kwa mtindo wake. Kwa kupunguza ukubwa wa faili kabla ya kulipandisha kwenye seva, naichukua hiyo. CSSTree inaingia ndani ya thamani na selekta bila msaada, na inajua kama thamani inafaa kwa sifa yake, jambo ambalo PostCSS haiwezi. Ila ikirudisha faili, nafasi na mistari imekwisha kubanwa, na Git inaona faili zima ni jipya. Jaribu kumweleza mteja tofauti ya namna hiyo.

Kwa wenye SCSS, yaani CSS iliyoongezewa vigezo ambayo Sass inaigeuza kuwa CSS ya kawaida: ongeza `postcss-scss` kama kichanganuzi, na plagini ileile itafanya kazi. Inasoma na kuandika SCSS tu, haiigeuzi kuwa CSS, hiyo inabaki kazi ya Sass. Na kumbuka kwamba `$nyekundu: #c00` kwake ni tamko kama matamko mengine, kwa hiyo plagini hapo juu itaigusa. Kama Sass inaipeleka rangi hiyo kwenye `darken()` ili itiwe giza, kazi itakwama, maana `darken()` inataka rangi halisi, haijui la kufanya na `var()`. Ruka sifa zinazoanza na `$`, uzibadilishe kwa mkono.