Midia konveta za faiba za bei rahisi: nilivyolitenga duka langu na radi

Masika ya mwaka juzi radi ilipiga mparachichi wa jirani, hatua kama arobaini kutoka kwenye mlingoti wangu wa antena. Nyumba haikuguswa, duka halikuguswa. Lakini nilipofungua asubuhi ruta ilikuwa kimya, swichi ya poti nane imebaki na poti tatu, na mashine ya fotokopi inatoa kopi vizuri ila haipokei kazi yoyote kutoka kwenye kompyuta. Fundi aliifungua, akanionyesha kichipu cha mtandao kimepasuka katikati. Ilikuwa msimu wa mitihani ya muhula, shule nne zinanitegemea kuchapa, na nilikaa siku tisa nikisubiri bodi nyingine. Kwa jumla nilipoteza shilingi 640,000, bila kuhesabu wateja.

Niko pembezoni mwa Bukoba. Duka liko bondeni kando ya barabara, hapo mnara wa intaneti hauonekani. Nyumba iko juu, katikati ya migomba, mita 80 hivi, ndiyo maana antena iko huko. Kati ya sehemu hizo mbili nilikuwa nimevuta waya wa mtandao wa kawaida, wa shaba. Na sisi wa magharibi mwa Ziwa Victoria tunajua mvua zetu: mawingu hujijenga juu ya maji usiku, alfajiri yanatufikia yakiwa yamejaa moto.

Nilikuwa naamini radi ni lazima ikupige ndipo ikuumize. Kijana anayenifungia mitambo ndiye aliyenielewesha. Radi ikishuka ardhini, udongo wa pale ilipoangukia hupanda volti ghafla kuliko udongo wa mbali. Ukiwa na waya wa shaba unaounganisha majengo mawili, umeme unapata njia ya mkato, na njia hiyo inapita ndani ya mashine zako. Poti za mtandao zina vitransfoma vidogo vya kuzikinga, ila kiwango chake ni kuhimili volti 1,500 hivi, na radi ya jirani inapita hapo bila shida. Nilijaribu kwanza vile vikinga radi vya kufunga kwenye waya. Vinategemea ethi nzuri, yaani njia ya kuumwaga umeme ardhini, na kilima changu ni mwamba. Nondo ya ethi haishuki hata nusu. Vuli ile ile poti nyingine ikafa.

Ndipo nikaagiza midia konveta. Ni visanduku viwili vya bati, kila kimoja kama pakiti ya majani ya chai, vimeandikwa HTB-3100A na HTB-3100B. Upande mmoja unachomeka waya wa mtandao, upande wa pili faiba. Katikati ni kioo na mwanga tu, na kioo hakipitishi umeme. Uzi mmoja wa faiba unatosha kwenda na kurudi, kwa sababu A inatuma mwanga wa nanomita 1310 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, kama rangi yake) na kupokea wa 1550, B kinyume chake. Kwa hiyo usikubali kuuziwa A mbili, hazitasikilizana kamwe. Jozi nilinunua 52,000 Mwanza, waya wa faiba mita 100 wenye ncha tayari 65,000, na 8,000 ya kusafirisha kwa meli. Jumla 125,000.

Waya wenyewe ndio uliotaka kuniharibia kazi. Nilimwambia muuzaji nataka usio na chuma, akanijibu, "Dada, huu ni faiba, hauna chuma." Ulipofika, kijana wangu akausogezea sumaku, ikanasa. Faiba hizi za kuvuta hadi majumbani nyingi zina waya mgumu wa kuzitundikia kwenye nguzo, na nyingine zina vijiti vya chuma pembeni ya uzi. "Mama, tukiuacha huu, radi itatembea juu yake kama zamani." Vijiti vyetu kwa bahati vilikuwa vya plastiki ngumu. Ule waya wa kutundikia tukauchana wote, mita 100, kazi ya mchana mzima, kisha tukapitisha faiba kwenye bomba la plastiki chini ya ardhi, mbali na jembe. Siku hizi ninaponunua chochote cha faiba natembea na sumaku.

Jambo la pili ni rangi ya ncha. Konveta hizi zinataka ncha ya bluu. Waya wetu ulikuja na ya kijani upande mmoja. Inaingia kabisa, ila imekatwa kwa mshazari, mwanga unapotea. Taa ya upande wa faiba ilikuwa inawaka na kuzima siku nzima mpaka tulipobadilisha ncha.

La umeme nalo lisemwe wazi. Faiba haipeleki umeme, kwa hiyo antena yangu inalishwa kule kule nyumbani. Nyumba inatumia sola, duka linatumia umeme wa nguzo, na hivyo hakuna chuma hata kidogo kinachounganisha pande mbili. Aliye na majengo mawili kwenye laini moja ya umeme bado ana njia moja ya shaba, na hapo faiba peke yake haimtoshi.

Udhaifu wa visanduku vyenyewe: adapta zake ni dhaifu. Moja ilikufa wiki ya tatu, tukaweka nyingine nzito ya volti 5. Mwendo wake ni Mbps 100, kwangu unatosha maana kifurushi changu ni cha 20. Na antena ikizimika, taa ya faiba inaendelea kuwaka dukani kana kwamba yote ni mazima, kwa hiyo kutafuta tatizo ni lazima upande kilima.

Aprili mwaka huu alfajiri ilipiga tena, karibu kuliko ile ya kwanza. Nilishuka dukani nikiwa na kanga tu na tochi. Kule juu kisanduku A kilikuwa kimekufa pamoja na antena. Dukani B inawaka, ruta inawaka, swichi poti zote nane, fotokopi ikapokea kazi mara moja. Nilikaa kwenye stuli nikalia, sioni aibu kusema.

A nyingine niliipata kwa 27,000. Sasa droo yangu ina A moja na B moja za akiba, na kipande cha faiba cha mita tatu cha kujaribia chenye ncha za bluu pande zote mbili.