Motahomu: jeki za otomatiki au vibao vya kupandia?
Hili swali haliishi kwa sisi tunaozunguka na motahomu (gari lenye nyumba ndani) huku Marekani: ukiegesha pasipo sawa, ulisawazishe gari kwa jeki zilizofungwa chini yake, au kwa vibao ambavyo matairi yanapanda juu yake? Jeki za otomatiki unabonyeza kitufe tu, dakika chache gari limekaa sawa na sakafu haichezi mtu akitembea, ila kufungisha ni maelfu ya dola, na oili ikivuja au sensa ikigoma ni fundi tu. Vibao vya plastiki bei chee na haviharibiki ovyo, lakini utashuka kwenye mvua na pimamaji mkononi, upande, ushuke, upange tena. Kusawazisha lazima, friji ya gesi haipoozi vizuri gari likiinama. Gari kubwa na unahama kila siku, chukua jeki. Kadogo, vibao vinatosha. Ila jeki zisinyanyue matairi ya nyuma hewani jamani, handbreki inashika matairi hayo hayo, yakiwa hewani gari linaweza kuteleza.