Nimelipia majina ya watu wasiokuwepo: nyota 2 kati ya 5

Naandika mchezo wa redio kwa Kiswahili hapa Arua, Uganda. Ni vipindi 12 vya watu wa kisiwani ambao hawapo popote ila kichwani mwangu, nimewaita Waseyu. Wahusika ni 31. Nilipofika la saba majina yakaniishia, nikajikuta nawapa wavuvi wa kubuni majina ya majirani zangu. Kijana wa studio akanionyesha programu ya simu inayounda majina ya jamii za kubuni. Ya bure hutoa majina 10 kwa siku, ya kulipia ni shilingi 38,000 kwa mwezi. Nikalipa kwa simu nikiwa nimesimama kibandani nasubiri rolex, ile chapati ya mayai. Jina la programu yenyewe sitalitaja.

Nianze na jema lake, maana lipo. Upande wa sauti wamefanya kazi. Unachagua konsonanti unazotaka na unazozikataa, unaamua silabi ziishie vipi. Mimi nilizuia jina lolote kuishia na konsonanti, nikafukuza "kr" na "thr", nikaruhusu "mb" na "nd". Yakatoka Idoyo, Sewamu, Nambeli, Tirufe. Waigizaji waliyasoma mara ya kwanza bila kujikwaa. Kuna pia kitufe cha kuzuia majina mawili yasianze kwa herufi moja, na kwa redio hicho ni dhahabu: msikilizaji haoni maandishi, ukimpa Sewamu na Sewani katika onyesho moja umempoteza.

Ila yasome kwa sauti kabla hujayapeleka mazoezini. Mimi sikusoma. Mzee wetu anayeigiza chifu akavuta pumzi, akanguruma: "Mimi Mavielo, mwana wa Mavielo!" Mpiga ngoma alianguka chini kwa kicheko, na mazoezi ya siku hiyo yakafia hapo. Hilo najilaumu mwenyewe, programu haijui Kiswahili na haikudai kwamba inakijua.

Kinachoniudhi ni hiki: kila mtu lazima awe na jina lake halafu jina la familia, na la familia ni la baba, linashuka kwa wote. Huwezi kulizima. Nimetafuta kitufe hicho usiku mzima hadi data ikaisha. Sasa jamani, nenda Buganda. Mtoto hupewa jina kutoka akiba ya ukoo wa baba yake, Nkima au Mmamba au Ngabi, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishirikiane jina hata moja. Mwenye kujua akilisikia tu anajua huyu ni wa ukoo gani na haruhusiwi kula nini, maana kila ukoo una mwiko wake. Siku hizi wengi hubeba la baba kwa sababu ya makaratasi, lakini utaratibu wenyewe upo.

Kuna sehemu ya "mpangilio wa kuzaliwa", nikaifurahia mapema. Kumbe inaandika tu "mtoto wa 3" pembeni ya jina. Nilitaka kama Waacholi: mapacha ni Opio na Ocen, wakiwa wasichana ni Apio na Acen, na anayewafuata ni Okello au Akello, hata kama wazazi walikuwa na jina jingine moyoni. Baganda wana Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, kisha Kizza. Na wazazi nao wanabadilika: baba anakuwa Ssalongo, mama Nnalongo. Yaani mtoto anazaliwa na kumpa mzazi wake jina! Programu haina mahali pa kuweka jambo kama hilo. Niliwaandikia huduma kwa wateja. Siku 8 baadaye wakajibu kwamba jina la familia "ndivyo mfumo ulivyo" na wakanishukuru kwa maoni.

Maana za majina ndizo kichekesho. Shujaa. Mwanga wa nyota. Shujaa tena. Upanga. Kisiwa kizima mashujaa, nani analima? Sisi Walugbara tuna majina yaliyobeba msiba na dhiki ya siku mtu alipozaliwa. Bibi yangu aliitwa Candiru, na shida iliyomo ndani ya jina hilo kila mtu kijijini aliijua bila kuuliza.

Wanajisifu pia kwamba majina hayaishi. Mke wangu ni Mtooro, wa magharibi mwa Uganda. Kwao kuna empaako, majina ya heshima na upendo ya kusalimiana ambayo ni 12 tu, na yanawatosha Watooro na Wanyoro wote na jirani zao. Shangazi wanamtazama mtoto anafanana na nani, anapewa lake, watu wanakula ugali wa ulezi na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka utamaduni huo katika orodha ya inayohitaji kulindwa haraka. Mimi mkwe nililipata ukubwani: Araali.

Basi nilichofanya ni kutoa majina 200 hivi kwa mwezi mmoja, nikayanakili daftarini, nikasitisha malipo. Sheria za majina nimezitunga mezani na mke wangu, mama mkwe akiwa kwenye simu. Aliyezaliwa baba akiwa ziwani anaitwa Idoyo, awe mvulana au msichana. Anayemfuata ni Tirufe. Mama akizaa Idoyo wa pili haitwi tena kwa jina lake la usichana.

Mama mkwe akasikiliza yote, kisha akauliza: "Araali, na huyo mvuvi wako, watu wakimsalimia wanamwitaje?"

Sikuwa na jibu. Nimeongeza majina manane ya salamu, na kipindi cha kwanza kimesogea wiki moja mbele.