Boksi la kuunga molekuli, Kariakoo: nyota 4 kati ya 5

Walimu wenzangu wa kemia na wazazi wenye watoto fomu faivu, hili boksi la vigololi (ndo atomu) na vijiti (ndo bondi zinazoziunga) nimelichukua Kariakoo kwa elfu 45 kwa ajili ya darasa langu la tuisheni Mbagala na kiukweli linafanya kazi. Yale ya bei chee kigololi kina matundu manne mwisho, mtoto akizoea hayo anaamini kila atomu lazima ifike elektroni nane za nje basi. Hili lina cha zambarau chenye matundu matano na cha njano chenye sita, yaani PCl5 (fosforasi na klorini tano) na SF6 (salfa na florini sita) unaziunga mkononi, mwanafunzi anahesabu vijiti mwenyewe, kila kijiti ni elektroni mbili, vitano ni elektroni 10, sita ni 12, ubishi kwisha. Boroni ina matatu, bapa kabisa, nyuzi 120, BF3 hiyo (boroni na florini tatu) na elektroni zake 6, ila ukitaka kuipa jozi ya elektroni ya amonia inabidi ubadilishe uweke kigololi cha matundu manne.

Sasa darasani huwa wananibana, mbona PCl5 ipo na NCl5 haipo wakati fosforasi na naitrojeni ni kundi moja? Hapo boksi halikusaidii maana vigololi vyote saizi moja, wakati naitrojeni ni kaatomu kadogo, klorini tano zitabanana wapi.

Kinachonikera zaidi ni elektronegativiti, yaani nguvu ya atomu kuvuta elektroni za bondi, haipo kabisa humu. Kijiti cha HF na cha H2 ni kilekile, wakati kwenye skeli ya Pauling florini ni 3.98 na haidrojeni 2.20, yaani florini inavuta elektroni upande wake kama watu wa kamba. Mimi nimepaka rangi ya kucha nyekundu upande unaovuta, na hapo ndo nimelipenda hili boksi jamani, kwa sababu ukiunga CO2 nyekundu zinakaa huku na huku kwenye mstari mmoja, zinafutana, halafu ukiunga maji yamepinda, nyekundu zote upande mmoja, wanafunzi wakasema wenyewe kwamba maji ni pola (yana upande unaovuta elektroni zaidi) na CO2 sio, hata sijafungua mdomo.

Vijiti vinavyopinda vya bondi mbili ni vichache mno, CO2 mbili tu vimeisha. Mwambieni muuzaji awaongezee kabla hamjalipa, mimi kaniongezea bila maneno.