Kingo za kitanda cha mama: uzoefu wangu wa miezi minane

Nilinunua kingo hizi baada ya mama kuanguka usiku mara mbili. Ni za chuma, za kupachika kwenye kitanda cha kawaida: mabomba ya chini yanaingia chini ya godoro, kisha mkanda unafungwa upande wa pili. Chuma chake ni imara, na mama akikishika anainuka mwenyewe kukaa. Kwa hilo nazisifu.

Wiki ya tatu nikasikia anagumia. Nilipowasha taa, nikakuta mkanda umelegea, kingo zimeachana na godoro, na mkono wake umezama kwenye pengo mpaka begani, shavu limebanwa kwenye chuma. Kila akijivuta anazidi kuingia. Nililikandamiza godoro kwa goti ndipo akatoka. Sikulala tena usiku ule.

Kosa langu lilikuwa kupima pengo wakati kitanda ni kitupu. Godoro laini, na hasa la hewa, hubonyea mtu akilalia ubavuni, na pengo linapanuka. Mwongozo wa 2006 wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kuhusu vitanda vya hospitali unataka nafasi kama hiyo isifike milimita 120, ili kichwa kisipenye. Si hofu ya bure: kuanzia 1985 hadi mwanzoni mwa 2009 FDA ilipokea taarifa 803 za wagonjwa kunaswa kwenye vitanda vyenye kingo, na 480 kati yao walifariki.

Baadaye mama alikaa wiki mbili kwenye kituo cha kulelea wazee. Nikaomba wamwekee kingo pande zote. Muuguzi akaniuliza, "Kwani usiku huwa anaamka kufuata nini?" Sikuwa nimewahi kujiuliza. Alikuwa anatafuta choo! Akanieleza pia kwamba mgonjwa aliyechanganyikiwa akizungushiwa kingo hujaribu kuziruka, na hapo anaanguka kutoka juu zaidi. Wao walishusha kitanda, wakatandika godoro jembamba sakafuni, wakawa wanampeleka chooni kabla ya kulala na tena saa nane usiku.

Nyumbani nimebakisha kipande kimoja kifupi upande wa kichwani, cha kushikia tu. Mwenye akili timamu anayehitaji mahali pa kushika, namshauri anunue. Kwa mgonjwa msahaulifu asiyetulia kitandani, hapana, muulize kwanza muuguzi au daktari wake. Mimi kila jioni nakaza mkanda, nakandamiza ubavu wa godoro kwa nguvu, napitisha ngumi. Ikipenya, kingo zinatoka usiku huohuo.